Mtambo usio na kamba: jinsi sakafu ya bahari inavyosikilizwa

Swali limetoka kwa nahodha mmoja wa Lamu: "Mpwa wangu anasoma jiolojia chuoni. Ameniambia kuna mitambo ya kupima matetemeko inayotupwa baharini bila kamba wala boya, ikakaa chini mwaka mzima, kisha ikaitwa ikarudi juu. Inaitwaje hata ikaitika? Na bahari hii yetu yenye mawimbi ya kusi, meli kubwa na nyangumi, mtambo unaisikiaje ardhi? Kwa nini wasiweke tu mitambo yao nchi kavu?"

Nahodha, nianzie mwisho wa swali lako, kwani hapo ndipo ilipo sababu ya kazi yote.

Tetemeko hutoa mawimbi ya namna mbili yanayopita ndani ya mwamba. La kwanza husukuma na kuvuta, nalo ndilo lenye mbio. La pili hutikisa ubavuni na huchelewa. Hesabu sekunde baina ya hayo mawili, zidisha kwa 8, umepata umbali wa tetemeko kwa kilomita, kwa kukisia. Kituo kimoja kinakupa umbali tu. Vituo vitatu au vinne vinavyolizunguka tetemeko vinakupa mahali, na sharti ni vilizunguke kweli. Wewe unajua: ukichukua alama mbili za pwani zilizokaribiana, mistari ya dira hukatana kwa pembe nyembamba na hujui uko wapi hasa. Ndivyo vilivyo vituo vya nchi kavu, kile cha Kilima Mbogo kikiwa kimojawapo, vinapolitazama tetemeko lililotokea bahari kuu mashariki ya Lamu. Vyote viko upande mmoja. Mahali panaweza kukosewa kwa makumi ya kilomita, na kina cha tetemeko chini ya sakafu hubaki ni kubahatisha.

Jirani zetu wa Mayotte wameyaona haya. Matetemeko yalianza kwao tarehe 10 Mei 2018, na siku tano baadaye likaja la ukubwa wa 5.9. Miezi ikapita watu wanatikiswa usiku na mchana, na vituo vichache vya visiwani havikuweza kusema kwa uhakika kinachotikisa kiko wapi. Februari 2019 ikateremshwa mitambo ya chini ya bahari. Ndipo ikaonekana kuwa matetemeko mengi yanatokea ndani sana, kati ya kilomita 20 na 50 chini, mashariki ya kisiwa. Mei mwaka huo meli ya Marion Dufresne ikapima sakafu na kukuta volkano mpya, kilomita 50 hivi kutoka kisiwani, imeinuka mita 800 na zaidi kutoka kwenye kina cha mita 3,500. Leo inaitwa Fani Maoré. Kwa watu wanaolala na hofu, kuambiwa "tetemeko liko hapa, kina chake hiki" si jambo dogo.

Tuje kwenye mtambo wenyewe. Taabu zake zote zinatokana na jambo moja: maji ya chumvi hayapitishi mawimbi ya redio. Ukishazama, hauna GPS. Kwa hiyo haujui saa sahihi, haujui uko wapi, na haujui umeelekea wapi. Mambo hayo matatu ni lazima yapatikane kwa hesabu, na ubora wa data hutegemea hesabu hizo kuliko unavyotegemea bei ya mtambo.

Umbo lake si la kutisha. Kuna fremu ya plastiki au titani, na juu yake tufe moja au zaidi za glasi nene, kipenyo sentimita 43, kila moja ndani ya kofia ya plastiki ngumu ya manjano au rangi ya chungwa. Tufe moja tupu huelea kwa nguvu ya kilo 25 hivi. Mitambo mingine hutumia povu gumu maalumu badala ya glasi. Kazi ya kusikia ni ya jiofoni tatu, yaani vihisi vya mtikisiko wa ardhi, moja ya kwenda juu na chini na mbili za ubavuni zilizokaa kwa pembe mraba, pamoja na haidrofoni inayopima shinikizo la maji. Kisha kuna kinasa data, saa, betri, na kipokezi cha sauti. Chini ya yote ni nanga ya chuma ya kilo 30 hadi 100, kulingana na ukubwa wa mtambo.

Nusu mbili za tufe la glasi hazigandishwi kwa gundi. Nyuso zake zimesuguliwa zikawa sawa kabisa. Husafishwa kwa spiriti, hukutanishwa, kisha hewa ya ndani hunyonywa kidogo kupitia tundu lenye kizibo, nusu zikashikana. Utepe unaozungushwa nje ni wa kulinda tu. Chini, maji yenyewe ndiyo yanayobana: kila mita 10 huongeza takriban kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba, kwa hiyo kwenye mita 3,000 ni kilo 300. Chembe ya mchanga ikibaki kwenye ukingo, glasi huanza kumeguka hapo hapo. Kwa mitambo yenye silinda za chuma hatari iko kwenye oringi, ile pete ya mpira inayoziba maungio: unywele mmoja uliolala juu yake unatosha kupitisha maji. Ndiyo maana kufunga hufanywa chumbani, feni imezimwa, wala si sitahani penye upepo.

Kumbukumbu si tatizo siku hizi. Ukisoma mara 100 kwa sekunde, njia nne, baiti nne kila moja, ni megabaiti 138 kwa siku, yaani gigabaiti 50 kwa mwaka. Zinaingia kwenye kadi ndogo. Kinachoamua mtambo utakaa muda gani ni betri, na kwa mwaka mzima aghalabu hutumiwa za lithiamu.

Sasa, unaitwaje ukaitika? Kwa sauti. Meli inateremsha majini kipaza sauti chake na kutuma mlio wenye msimbo, kwenye masafa ya hezi (mapigo kwa sekunde) 8,000 hadi 16,000 hivi. Kila mtambo una msimbo wake, usije ukaita mmoja wakaondoka watatu. Ukisikia, unajibu kwa mlio, kisha unapitisha umeme wa betri kwenye waya mwembamba wa chuma unaoushikilia kwenye nanga. Waya huo umefunikwa kwa plastiki isipokuwa sehemu ndogo iliyoachwa wazi. Umeme ukipita kutoka kwenye chuma hadi kwenye maji ya chumvi, chuma kinaliwa pale palipo wazi, yaani kutu ya miaka inafanyika kwa dakika 5 hadi 15. Waya ukikatika, kulabu inaachia, nanga inabaki chini, na mtambo unapanda kwa kasi ya karibu mita moja kwa sekunde. Kutoka mita 3,000 ni dakika 50 za kusubiri, mlio ukipimwa kila mara kuona kama umbali unapungua. Ukifika juu, taa yake humweka, redio ndogo hulia, bendera husimama. Mabaharia wazoefu hupenda uibuke magharibi au alfajiri, maana katika povu la kusi bendera haionekani hata kwa maili moja, lakini taa gizani huonekana.

Mambo yanayoharibika hapo ni machache na yanajulikana. Pangaboi za meli zikiwa zinazunguka hufunika mlio, kwa hiyo injini hupunguzwa au kuzimwa kabla ya kuita. Tope laini hushika nanga na fremu. Mtambo umekata waya lakini haunyanyuki, na dawa ni kusubiri, maana mara nyingine hujinasua baada ya saa kadhaa. Tufe likivuja, nguvu ya kuelea imekwisha. Na kwenye maji ya kina kifupi kama Ghuba ya Ungwana, adui mkubwa ni nyavu za meli zinazokokota chini kutafuta kamba. Huko mtambo mwepesi usio na ngao ya chuma ni wa kupotea. Kwa ujumla, mitambo ya siku hizi inayopotea ni michache katika kila mia.

Saa ndiyo roho ya mtambo. Kabla ya kutupwa, hulinganishwa na GPS. Ukirudi, hulinganishwa tena kabla ya kitu chochote kuzimwa, na tofauti huandikwa. Tuseme baada ya siku 365 saa imetangulia kwa sekunde 0.73: ni milisekunde 2 kwa siku, kwa hiyo data za siku ya 100 zinatakiwa kurudishwa nyuma sekunde 0.2. Ukiacha bila kusahihisha, wimbi linalokwenda kilomita 6 kwa sekunde litakupa kosa la zaidi ya kilomita moja, na mwisho wa mwaka zaidi ya nne. Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni la alama: saa imetangulia, mtu akajumlisha badala ya kutoa, kosa likawa maradufu na hakuna anayegundua. Andika kwa maneno kamili, "saa ya mtambo iko mbele ya GPS kwa kiasi hiki", usiache alama ya kujumlisha au kutoa peke yake. Kumbuka pia kwamba saa za dunia huongezwa sekunde moja baadhi ya miaka, mara ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2016. Mtambo uliokuwa chini siku kama hiyo haupati habari.

Mwendo wa saa haunyooki kabisa. Fuwele ya kwatzi hubadilika kwa joto, na mtambo umetoka kwenye sitaha ya nyuzi 30 ukaenda kwenye maji ya nyuzi 2 au 3. Siku ya kwanza chini ni ya kuzoea, na data zake hutumiwa kwa uangalifu. Betri ikifa kabla mtambo haujaokolewa, ulinganisho wa mwisho haupo tena. Hapo inabidi kutumia kelele ya bahari yenyewe, nami nitafika huko.

Mahali hupatikana hivi. Meli inazunguka juu ya pale mtambo ulipotupwa, kwenye duara lenye nusu kipenyo kinachokaribia kina cha maji, ikituma milio na kuhesabu muda wa jibu. Chukua mfano: muda wa kwenda na kurudi ni sekunde 4.20, na mtambo wenyewe huchelewa milisekunde 13 kabla ya kujibu. Ondoa hizo, gawa kwa mbili, zidisha kwa mita 1,500 za mwendo wa sauti majini: mita 3,140. Kama kina ni 2,800, mtambo uko mita 1,420 kando ya meli. Rudia kwa makumi ya vipimo kote kwenye duara, na mahali patajulikana kwa makosa ya mita chache. Ukipima upande mmoja tu kwa kuwahi safari, umerudi kwenye tatizo lile lile la alama za pwani. Usiamini kuwa mtambo uko pale ulipotupwa. Huchukua karibu saa nzima kuzama, na mkondo wetu wa pwani unaukokota mamia ya mita.

Kuhusu uelekeo, dira ndani ya mtambo hudanganywa na betri na nanga ya chuma. Njia iliyozoeleka ni kusubiri matetemeko makubwa ya mbali ambayo chanzo chake kinajulikana, kutazama mawimbi yake ya juu ya ardhi yameingia kwa upande gani, na kuchukua wastani wa kumi au zaidi. Njia nyingine imejaribiwa kwenye mitambo ya mradi wa RHUM-RUM, ambao Wafaransa na Wajerumani waliteremsha mitambo 57 kuzunguka kisiwa cha Réunion mwaka 2012 na kuiokoa mwaka 2013: kelele za meli za mizigo, ambazo njia yao inajulikana kwa redio zao za utambulisho, zilitumika kujua mtambo umeelekea wapi na umelala wapi. Meli uliyoihesabu kuwa msumbufu, Nahodha, ndiyo iliyotoa dira.

Hapo ndipo jibu la swali lako la kelele lilipo: hupambani na kelele, unazijua moja moja. Kila moja ina masafa yake.

Wimbi la kusi ulionalo halifiki chini moja kwa moja. Wimbi linalopita kila sekunde 12 lina urefu wa mita 225 hivi; ukishuka nusu ya hapo, mita 110, nguvu yake karibu imekwisha. Lakini mawimbi mawili yenye mwendo mmoja yakikutana uso kwa uso, kwa mfano wimbi linalokwenda pwani na lile linalorudishwa na pwani, shinikizo lake hushuka hadi sakafuni bila kudhoofika, na hutikisa kwa mapigo maradufu: mawimbi ya sekunde 12 hutoa mtetemo wa sekunde 6. Mwanahesabu Longuet-Higgins wa Uingereza alilieleza hilo kwa hesabu mwaka 1950. Mtetemo huu wa sekunde 3 hadi 10 ni mkubwa kuliko wowote mwingine, na mitambo ya nchi kavu huusikia hata Nairobi.

Kwenye mitetemo ya polepole zaidi, kati ya sekunde 10 na 30, kwenye maji yenye kina kuna utulivu mzuri, na mawimbi ya matetemeko ya mbali husomeka safi. Ukipita sekunde 50 inaanza kelele nyingine: mawimbi marefu sana ya bahari, kimo chake sentimita moja au pungufu, ambayo hakuna baharia anayeyahisi, lakini yanaiminya sakafu yote. Hapo pia ndipo mkondo unapouinamisha mtambo kidogo kidogo. Jiofoni za ubavuni huathirika zaidi, na kelele hupanda na kushuka na maji kujaa na kupwa, ikizidi siku za bamvua. Kamba iliyolegea juu ya fremu hupigwa na mkondo ikalia hezi chache; ifungwe, au isiwepo.

Kusafisha kuna utaratibu, nao haupinduliwi. Kwanza unatumia jiofoni za ubavuni kutabiri kiasi gani cha kuinama kimeingia kwenye ile ya wima, unakiondoa. Kisha unatumia kipimo cha shinikizo kutabiri kuminywa kwa sakafu, unakiondoa pia. Ukianza na la pili, kuinama kutaonekana kama kuminywa na utafuta vitu vya kweli. Na kile ulichokiondoa usikitupe: kiasi ambacho sakafu inaminyika kinaeleza ulaini wa tope na mwamba ulio chini yake.

Kuanzia hezi 5 kwenda juu ni meli na wanyama. Nyangumi wa aina ya mapezi hupiga mapigo ya karibu hezi 20, ya sekunde moja moja. Nyangumi buluu wa kusini huimba kwa sekunde 20 hivi kwenye hezi 26, akashuka. Wale wenye nundu wanaopita Watamu na Malindi kuanzia Julai hadi Septemba huimba juu zaidi, kwa hiyo mtambo unaosoma mara 100 kwa sekunde hautawapata vizuri: hausikii chochote kilichozidi nusu ya hapo, yaani hezi 50. Anayetaka nyangumi wa nundu asome mara 500 au zaidi, akubali betri kwisha mapema.

Halafu kuna vishindo vifupi, chini ya sekunde mbili, ambavyo huonekana kwenye jiofoni za mtambo mmoja tu na havionekani kwenye haidrofoni. Wengine husema ni samaki wanaogonga, wengine ni vipovu vya gesi vinavyotoka topeni. Si tetemeko. Tetemeko la kweli huonekana kwenye mitambo kadhaa, na lina wimbi la kwanza na la pili. Mwanafunzi anayeiachia kompyuta ihesabu yenyewe bila kuangalia kwa macho huleta maelfu ya matetemeko ambayo hayakutokea.

Na ganda la dunia? Nchi kavu lina unene wa kilomita 35 hivi. Chini ya bahari kuu ni 6 au 7 tu, halafu linakuja koti la dunia. Huko nje ya Lamu ndiko ganda la namna moja linakogeuka kuwa jingine, tangu Madagaska ilipomeguka pwani hii na kuteleza kusini. Njia ya kawaida ya kulipima ni meli kupiga milipuko ya hewa iliyobanwa, huku mitambo imepangwa chini kila kilomita 5 hadi 20. Sauti hupita kwenye matope kwa kilomita 2 au 3 kwa sekunde, kwenye ganda kwa 6 au 7, na kwenye koti kwa 8. Kutokana na muda wa kufika hupatikana unene. Mlipuko mmoja na mwingine ni lazima vitofautiane kwa dakika moja au zaidi, la sivyo mwangwi wa wa kwanza unafunika wimbi dhaifu la wa pili. Mwongozo wa Uingereza unataka waangalizi watazame nyangumi kwa dakika 30 kabla ya kuanza, au 60 kwenye kina cha zaidi ya mita 200, wasiwepo ndani ya mita 500, kisha nguvu ipandishwe pole pole kwa dakika 20. Kwangu hilo ndilo la chini kabisa, na wavuvi nao wajulishwe mapema kwa Kiswahili kupitia kamati zao za ufuo.

Njia ya pili haina mlipuko. Unachukua kelele ya mawimbi ya miezi mingi kwenye mitambo miwili, unailinganisha, na kinachobaki ni muda wa wimbi kusafiri kutoka mtambo mmoja hadi mwingine kupitia ardhi. Kwa njia hiyo unaujua mwamba. Na kwa njia hiyo hiyo, muda huo ukionekana unasogea siku hadi siku, unajua saa ya mtambo mmoja imekosea. Ndiyo dawa ya betri iliyokufa niliyoitaja.

Shida maalumu ya Lamu ni matope. Bonde la Lamu lina mashapo ya zaidi ya kilomita 10, na juu kabisa kuna tope jipya la Tana na Sabaki. Wimbi la pili likiingia humo hupunguza mwendo mno, likachelewa, na ile kanuni ya kuzidisha kwa 8 ikakupa tetemeko lililo mbali kuliko lilivyo. Kila mtambo unahitaji sahihisho lake, na kipimo cha kuminywa kwa sakafu husaidia kulipata.

Mwisho, ukiokota mtambo kama huu ukielea. Usiufungue, na usiugongee kwenye mbavu za mashua. Tufe lililovuja chini linaweza kuwa bado na shinikizo kubwa ndani, na betri za lithiamu zikilowa chumvi huwaka. Usiukate waya wowote wala usitoe betri, maana saa ingali inakwenda, na wenyewe watataka kuilinganisha na GPS kabla haijazima. Andika mahali na saa ulipoukuta, piga picha ya namba iliyobandikwa, uweke kivulini mbali na watu na jiko, kisha toa habari kwa kamati ya ufuo au Walinzi wa Pwani.